Namna ya kukusanya kumbukumbu za kidato cha tatu, mwaka ambao hatukuupiga picha

Kidato cha kwanza kila mtu anacho kichwani: sare inayopwaya, madaftari mapya, kushtuka kila kengele inapolia. Cha nne nacho kina mtihani, picha ya kuagana na machozi ya langoni. Sasa kaa na mtu uliyesoma naye, umuulize mwaka wa tatu mlikuwa mnafanya nini. Atatabasamu, atasema, "Aa, ule mwaka tuliishi vizuri sana." Halafu atanyamaza.

Mimi nilikuwa kiranja wa darasa letu mwaka huo, 1998. Tulikuwa wanafunzi 38. Nilipoanza kukusanya picha zetu za shule nilipata 112, nikazitandaza kitandani na kuzipanga kwa mwaka. Za kidato cha tatu zilikuwa nne, na moja kati ya hizo inaonyesha kisogo cha mtu na nusu ya ubao. Iliniuma. Huo ndio mwaka tuliopangwa upya kwa michepuo, tukakalishwa na watu ambao hatukuwachagua, na wengi wao ndio ninaowapigia simu hadi leo nikiwa na jambo. Ugeni ulikuwa umekwisha na mtihani wa mwisho ulikuwa bado mbali, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya mtu kuleta kamera. Tuliishi tu.

Nikaamua mwaka ule tuukusanye, na tumeukusanya: kijitabu cha kurasa 64. Ilituchukua miezi kumi na minne. Naandika hapa tulivyofanya, pamoja na nilipokosea, ili wewe unayetaka kukusanya wa darasa lenu usipoteze miezi mitatu kama mimi.

Chora darasa kwanza

Kitu cha kwanza utakachohitaji ni orodha kamili ya wanafunzi. Shule ikiwa imetunza daftari la mahudhurio, andika barua uombe kuliona. La kwetu halikupatikana. Nikachukua karatasi tupu, nikaanza kuandika majina kutoka kichwani. Nilifika 19 nikakwama, na nilikuwa kiranja, mtu aliyekuwa akiita majina yale kila asubuhi.

Baadaye nilielewa kwa nini. Mwaka 1975 mwanasaikolojia wa Marekani, Harry Bahrick, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti uliohusu watu 392 waliomaliza sekondari, wengine juzijuzi tu, wengine miaka mingi nyuma. Walipoonyeshwa sura za wenzao wa shule, walizitambua kama 90 katika kila 100, hata waliokuwa wamemaliza zaidi ya miaka 30 iliyopita. Lakini walipotakiwa kutaja majina wenyewe bila kuonyeshwa chochote, waliambulia machache. Jina linalala, sura iko macho. Kwa hiyo usimwombe mtu orodha. Mpe kitu cha kutazama.

Na kama picha ya darasa huna, chora darasa lenyewe. Chukua karatasi kubwa, weka mlango ulipokuwa, ubao, madirisha, meza ya mwalimu, kisha safu za madawati. Sisi tulikuwa na safu nne, kila safu madawati matano ya watu wawiliwawili. Anza na dawati lako. Nani alikaa kulia kwako? Nani alikuwa mbele, yule ambaye kisogo chake ulikitazama mwaka mzima? Ukigeuka nyuma kuazima rula, nani alikupa? Nilitoka 19 nikafika 33 kwa jioni moja, kwa sababu kila mtu alikuja na jirani yake.

Ukumbuke kwamba watu walihamishwa viti. Sisi tulibadilishwa mwanzo wa muhula wa pili, kwa hiyo tulihitaji michoro miwili. Nisingeligundua hilo kama watu wawili wasingegombania dawati moja la dirishani, kila mmoja akiapa lilikuwa lake. Wote walikuwa wakisema kweli.

Mchoro huo niliwapelekea wenzangu watatu, mmoja baada ya mwingine, tukafika 37. Wa 38 ndiye aliyetusumbua. Kila mtu alihisi kuna pengo kwenye safu ya tatu, na hakuna aliyepata jina, hadi nilipompigia aliyekaa dawati lile. Akasema papo hapo, "Alisoma na sisi muhula mmoja tu, akahama. Alinifundisha kuandika kwa mkono wa kushoto nilipovunjika wa kulia." Ilinichukua wiki sita kumpata huyo mwenzetu. Nilipojitambulisha kwenye simu na kumweleza kwamba tunatafuta darasa zima na yeye yumo, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema hakudhani kuna mtu wa shule ile anayemkumbuka. Ukitaka kujua kwa nini nasisitiza orodha iwe kamili, ni kwa ajili ya simu ile.

Muulize kila mtu akiwa peke yake

Hapa ndipo nilipopoteza ile miezi mitatu. Niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Ndugu zangu, mnakumbuka nini kuhusu kidato cha tatu?" Majibu yalimiminika. Ndani ya saa mbili kulikuwa na ujumbe zaidi ya mia, na wote ulihusu mambo matatu yaleyale: siku mvua ilipong'oa bati la darasa, mashindano ya mdahalo tuliyoshinda, na mwalimu wa zamu aliyetukuta nje usiku. Kila aliyeingia alikuta hadithi hizo zimeshaanza, akaongeza lake juu yake. Niliposubiri mengine, hayakuja.

Wanaochunguza kumbukumbu wanalijua jambo hili. Mwaka 1997 watafiti wawili, Weldon na Bellinger, walionyesha kwamba watu wakikumbuka pamoja kwa kikundi hupata machache kuliko ambayo wangepata kama kila mmoja angekumbuka peke yake, kisha yakajumlishwa. Sababu inayotajwa sana ni kwamba kila mtu ana njia yake ya kuifikia kumbukumbu. Wewe unaingia kwa mlango wa dawati lako, mimi naingia kwa mlango wa urafiki wangu. Mwenzako akianza kuzungumza, anakuondoa kwenye njia yako na kukuweka kwenye yake.

Kwa hiyo mpangilio uwe huu: kwanza kila mtu peke yake, kwa maandishi au kwa sauti, bila kuona ya wenzake. Baada ya hapo ndipo mkutane. Mkutano una raha yake na kazi yake, nitaifikia, lakini ukiutanguliza utabaki na lile bati la darasa milele.

Mimi niliwatumia mmoja mmoja ujumbe mfupi, kwa jina, nikieleza ninachofanya na kwamba sitaonyesha jibu lake kwa mwingine mpaka anipe ruhusa. Nikampa kila mtu wiki tatu. Aliyependa kuzungumza kuliko kuandika nilimwambia anitumie ujumbe wa sauti, mrefu atakavyo. Wanaume wengi wa darasa letu walichagua sauti, na waliongea usiku, wakiwa wamekaa peke yao ndani ya gari au nje ya nyumba. Unasikia vyura nyuma yao.

Uliza kitu, usiulize tarehe

Mholanzi mmoja, mwanasaikolojia Willem Wagenaar, aliandika matukio ya maisha yake kwa miaka sita, kila tukio akiandika lilikuwa nini, lilihusu nani, wapi na lini. Yalizidi 2,000. Kisha akajipima: ukipewa kipande kimoja tu, kipi kitakurudishia tukio zima? Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1986 yalionyesha kwamba "nini" ndiyo iliyomsaidia zaidi, na "lini" ikiwa peke yake haikumsaidia karibu chochote.

Nilipolisoma hilo nilifuta maswali yangu yote. Nilikuwa nimeuliza, "Muhula wa kwanza kulitokea nini? Muhula wa pili je?" Ni maswali ya mtu anayejaza fomu. Badala yake niliandika maswali ya vitu. Haya ndiyo yaliyozaa, na unaweza kuyachukua yalivyo: Darasani kulikuwa na kitu gani kilichovunjika, na nani alikishughulikia? Ulikuwa unaazima nini, kwa nani? Ukitazama nje kutoka ulipokaa, ulikuwa unaona nini? Dasta ilikuwa inapotelea wapi? Ni kitu gani ulikiweza kwa mara ya kwanza mwaka ule? Ni nani alikusaidia na hukuwahi kumwambia?

Swali la kitu kilichovunjika lilinipa ukurasa ninaoupenda kuliko yote katika kijitabu. Dirisha la safu ya nne halikuwa na komeo. Upepo wa mvua ukija lilifunguka na kupiga ukutani, na masomo yakasimama. Wote tulikuwa tunalikumbuka dirisha. Ila aliyekaa pale ndiye aliyeandika kwamba kila Jumatatu alikuwa akikunja karatasi mara nane, akiipachika kati ya fremu na ukuta, na kwamba karatasi ikilowa inalegea, kwa hiyo siku za mvua alikuwa na akiba ya tatu mfukoni. Mwaka mzima. Tulidhani limetengenezwa. Watu 37 tulisoma kwa utulivu kwa sababu ya karatasi iliyokunjwa mara nane, na hatukujua mpaka mimi nilipouliza.

Usiulize maswali yote sita kwa mtu mmoja. Mpe mawili, mwache achague. Na akijibu kwa mstari mmoja, rudi na swali dogo zaidi lililotoka humohumo kwenye jibu lake. "Ilikuwa karatasi gani?" Hilo dogo ndilo linalofungua.

Jambo moja la kukutia moyo: ikiwa wenzako wamevuka miaka 40, umewahi wakati mzuri. Watafiti wameona mara nyingi kwamba watu wa umri huo na zaidi, wakikumbuka maisha yao, hukumbuka kwa wingi mambo ya kati ya miaka 10 na 30. Kidato cha tatu kimo humo. Kinasubiri kuulizwa tu.

Daftari kuukuu lina mengi kuliko picha

Watu watakwambia hawana kitu. Waambie wasitafute picha, watafute daftari. Watazame kurasa za mwisho, zile ambazo mwalimu hakuzisahihisha. Watazame jalada kwa ndani, ratiba iliyobandikwa, kipande cha karatasi kilichotumika kama alama ndani ya kamusi.

Mwenzangu wa dawati aliniletea daftari lake la hisabati. Tulikaa kwenye kochi, akalifungua kwa nyuma, akanipa bila kusema neno. Ukurasa ulikuwa na miandiko miwili, wa kwake kwa wino wa bluu, wangu kwa mweusi. Ndivyo tulivyokuwa tunaongea kipindi kikiendelea.

"Umemaliza?"

"Bado. Ya 7 imegoma."

"Hata kwangu. Anatazama huku."

"Fungua ukurasa wa mbele."

Hapo kuna nafasi, halafu mchezo wa nukta na visanduku ulioishia katikati. Chini yake, bluu:

"Leo sitaki kucheza."

Nyeusi: "Kwa nini?"

Bluu: "Mama anaumwa. Nimeambiwa asubuhi."

Hakuna jibu la maneno. Kilichofuata ni swali la 7, limekokotolewa lote kwa mwandiko wangu, hatua kwa hatua, herufi zimeandikwa polepole, na jibu limepigiwa mistari miwili kwa rula. Nilikuwa na miaka 16 na sikujua mtu aambiwe nini mama yake akiumwa. Nikamfanyia la 7.

Mimi sikuwa nakumbuka kabisa. Yeye alilitunza daftari lile miaka yote, akahama nalo nyumba nne. Mama yake alipona, na bado yupo. Nilimwomba ruhusa ya kuuweka ukurasa ule katika kijitabu, akasema ndiyo, ila niandike kwamba jibu la 7 lilikuwa sahihi. Lilikuwa sahihi.

Basi ukipewa daftari, lishike kama ulivyoshikishwa mtoto wa watu. Usiing'oe pini ya katikati isiyo na kutu, usibandike seloteipu ulipoona pamechanika, kwa sababu gundi yake hugeuka njano na kuila karatasi. Piga picha ya jalada kwanza, kisha kurasa kwa mfuatano, hata tupu, kisha mrudishie mwenyewe wiki hiyohiyo. Mtu akiona daftari la kwanza limerudi salama, la pili atalitafuta mwenyewe.

Picha chache mlizonazo

Picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15 iskaniwe kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Hapo utapata pikseli kama 2,400 kwa 3,600, na utaweza kukuza sura ya aliyesimama nyuma kabisa. Kama huna skana, tumia simu: weka picha mezani karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu, zima flashi, simu iwe sambamba na meza. Mwambie anayekutumia asiitume kama picha ya kawaida kwenye WhatsApp, kwa sababu inapunguzwa ubora. Aitume kama dokyumenti.

Zilizonasa kwenye albamu za kurasa zenye gundi usizivute kwa kucha. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha, taratibu, kutoka kona hadi kona. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, pembeni, picha ikiwa imelazwa juu ya kitu kigumu. Kalamu ya wino huacha mkandamizo unaotokea mbele, na wino wake huhamia kwenye picha iliyo chini. Na zisitunzwe kwenye plastiki ya PVC, ile laini yenye harufu kali, kwani huziharibu kadiri miaka inavyokwenda. Bahasha ya karatasi isiyo na asidi inatosha.

Majina ya faili yaanze na mwaka: 1998_muhula2_maabara_01. Weka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na mojawapo ikae mbali na nyumbani kwako. Ya kwetu ya tatu iko kwa yule mwenzetu wa 38.

Mfuateni mwalimu

Mwalimu wetu wa darasa amestaafu. Tulikwenda watatu, na nilijifunza kwamba watatu ndiyo idadi nzuri. Wakizidi inakuwa sherehe, na mgeni akiwa mmoja, mwalimu anajihisi anahojiwa. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba wanangu, karibuni. Wewe ulikuwa mbele, karibu na mlango." Hakunitaja jina. Alinitaja kwa dawati.

Nilimpa ule mchoro wa darasa. Akauvuta karibu, akavaa miwani, akaanza kupitisha kidole safu kwa safu kama anayeita majina, na kila alipofika alisema jambo moja. Huyu alikuwa hapati usingizi. Huyu alikuwa akinisubiri nje ya ofisi aulize swali ambalo hakutaka wenzake walisikie. Huyu nilimkosea, nilimwadhibu kwa kosa la mwingine, na nililijua baada ya wiki. Alituomba tumfikishie huyo mwenzetu samahani yake. Tulimfikishia.

Simu iliyokuwa inarekodi niliiweka juu ya kitambaa, karibu na magoti yake, baada ya kumwomba ruhusa na kumwonyesha inapozimwa. Fanya hivyo. Anza kwa kutaja tarehe na jina la anayezungumza, rekodi dakika moja ya majaribio uisikilize, kisha uisahau. Na akinyamaza, mwache. Vitu vingi vizuri alivyosema mwalimu wetu vilikuja baada ya kimya ambacho mmoja wetu alitaka kukijaza, na mimi nikamkanyaga mguu.

Hadithi zikigongana

Zitagongana. Sasa ndipo mkutane wote, kila mtu akiwa ameshatoa yake.

Sisi tuligongana kuhusu siku ya kwanza ya kupima asidi kwa besi maabara. Mnajua ilivyo: unadondosha besi kutoka kwenye bureti, ule mrija mrefu wenye vipimo, tone kwa tone, ndani ya chupa yenye asidi na matone machache ya fenolfthalini, kemikali inayobadilika rangi ikikutana na besi. Kimiminika ni cheupe kama maji. Tone linaingia, rangi ya waridi inatokea, unatikisa, inapotea. Tone lingine. Mpaka tone moja linaingia na waridi hafifu linabaki. Ukizidisha kidogo tu, chupa nzima inakuwa ya waridi iliyokolea na kazi imeharibika. Siku ile wote tulizidisha isipokuwa mtu mmoja. Mwalimu aliinua chupa yake dirishani, tukaizunguka 38 tukisukumana, na ndani kulikuwa na rangi nyepesi kiasi kwamba ungedhani ni kivuli cha kitu.

Ilikuwa chupa ya nani? Wawili walisema ni yao. Wanne walimtaja mtu mwingine, kila mmoja wake.

Usiamue. Tangu majaribio ya Mwingereza Bartlett, aliyoyachapisha mwaka 1932, inajulikana kwamba mtu akisimulia upya anajenga upya: anapunguza, anaongeza, anaipa hadithi umbo linaloeleweka kwake. Hakuna anayedanganya. Tuliandika masimulizi yote sita, moja chini ya jingine, kila moja na jina la msemaji wake, na ukurasa huo sasa ndio watu wanausoma kwa sauti.

Palipo na karatasi, hata hivyo, karatasi iheshimiwe. Alama hasa. Bahrick yuleyule na wenzake, mwaka 1996, waliwauliza wanafunzi 99 wa chuo alama zao za sekondari, wakalinganisha na rekodi za shule. Alama za A walizikumbuka sawasawa mara 89 katika 100. Za D, mara 29. Kwa hiyo mtu akikwambia alikuwa wa tatu, mwombe ripoti ya muhula kabla hujachapa, na muombe kwa upole, faraghani. Kama hana, andika "anakumbuka kuwa".

Ya kuacha nje

Kuna mambo niliyoyapata na sikuyaweka. Aliyekuwa akikojoa kitandani. Aliyefukuzwa ada. Barua ya mapenzi ambayo mwandishi wake sasa ana ndoa na mjukuu. Kanuni yetu ilikuwa kwamba kila mtu anasoma kila mstari unaomtaja, na akisema toa, unatoka bila maelezo. Watu sita walitoa kitu. Kijitabu hakikupungukiwa.

Wenzetu watatu wametangulia mbele ya haki. Kwa hao tulikwenda kwa familia zao tukiwa na ukurasa mkononi, umeshapangwa, tusiwaombe wao waandike. Binti wa mmoja wao hakuwa anajua kwamba baba yake ndiye aliyekuwa akitupigia mdundo kwenye dawati kabla ya mwalimu kuingia. Alituomba tumwonyeshe. Mwenzetu mmoja akaupiga kwenye meza ya sebuleni, na sisi tuliobaki tukajikuta tumeuitikia.

Kuchapa

Msipange kwa alfabeti wala kwa muhula. Pangeni kwa madawati, kutoka mlangoni hadi dirisha la mwisho, mchoro ukiwa ukurasa wa kwanza. Msomaji anatembea darasani. Kijitabu kinachofungwa kwa pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4, kwa hiyo hesabuni mapema. Ukubwa wa A5 unatosha na unaingia mkobani. Herufi zisipungue pointi 12, maana macho yetu si ya 1998. Tulichapa nakala 50: moja kwa kila mmoja au familia yake, moja ya mwalimu, moja tuliyoipeleka maktaba ya shule kwa mkono, na akiba.

Kurasa nne za mwisho tuliziacha tupu, zenye kichwa kimoja tu: "Ulichokikumbuka baada ya kusoma." Tuliomba watu waandike, wapige picha, wanitumie. Hadi sasa nimepokea kutoka kwa watu 21. Juzi imekuja nyingine, kutoka kwa mwenzetu aliyekaa dawati la nyuma safu ya pili, ambaye mwaka mzima hakunyoosha mkono na kwenye maswali yangu alijibu mistari miwili. Amechora meza ya maabara kwa penseli, bureti zote zilipokuwa, amemweka kila mtu aliposimama, na kwenye kona, karibu na sinki, amechora chupa ndogo na kuandika pembeni: "Hii. Ilikuwa yangu. Niliogopa kusema."